Mwalimu Aliyefunga Pembea kwa Mnyororo

Jina lake silitaji. Si kwa kumsitiri. Hapa kwetu Msambweni ukisema Mwalimu, bila nyongeza, kila mtu hugeuza shingo upande wa nyumba yake. Walimu wengine wana majina, yeye ana cheo, na cheo kinamtosha. Wala sitaanza na alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, maana hao hawakunikosea kitu. Aliyenikosea ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, mchana kweupe, na namwandika nikiwa bado na kinyongo naye. Anayetaka maneno matamu na aende kwa wauza halua.

Nianze na firimbi. Ilikuwa ikining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, juu ya buibui. Skuli alistaafu zamani, firimbi haikustaafu. Akiwa sokoni, akiona watu wanasukumana mbele ya muuza samaki, huipuliza, na wanaume wenye ndevu zao hupanga mstari, kwa sababu wote walipita mikononi mwake darasa la kwanza. Siku moja msibani vijana walikuwa wanagombania kubeba jeneza, kila mmoja anataka aonekane. Mwalimu akatoka jikoni walikokaa wanawake, akapuliza mara moja, akasema, "Warefu mbele, wafupi nyuma. Maiti si mpira." Wakajipanga. Hata imamu alisimama wima.

Neno lake lilikuwa utaratibu. Mtoto akilia, utaratibu. Mvua ikipiga watu wakakimbilia barazani, utaratibu. Mimi aliwahi kuniambia utaratibu nikiwa na uchungu wa kuzaa, alipokuja kunishika mkono, nami nikamng'ata. Kovu analo. Hilo halinisikitishi.

Na nisiwe mwongo, maana mzee akiongopa hana wakati wa kurekebisha: ule uwanja wa watoto, bila yeye, usingekuwepo. Walikuja watu na kamba zao za kupimia, wanasema kiwanja kile kinataka kujengwa maduka. Wanaume wetu wakaenda kuzungumza, wakarudi mikono mitupu. Mwalimu akachukua kiti chake cha plastiki, akakiweka juu ya jiwe la mpaka, akaketi. Akala chakula chake cha mchana palepale, wali na samaki wa kupaka, anatoa miba taratibu. Kijana mmoja wa kamba akamwambia, "Mama, tunaomba utupishe tupime." Akamjibu, "Pima, mwanangu. Pima mpaka miguuni pangu, halafu ugeuke upime unakotoka." Alikaa siku nne. Siku ya tano hawakuja.

Baadaye wafadhili wakapatikana, pakajengwa, na funguo akapewa yeye. Pana pembea za kawaida, matairi yaliyopakwa rangi, mteremko, sanduku kubwa la mchanga, na viti vya kina mama chini ya paa la makuti. Njia ni ya saruji laini, kiti cha magurudumu kinateleza chenyewe. Na katikati pana pembea moja ya ajabu. Haina ubao wa kukalia. Ina jukwaa la chuma lenye kingo. Mtoto huingizwa juu yake na kiti chake, kikakazwa, akasukumwa. Langoni pameandikwa: UWANJA WA WATOTO WOTE. Niliyasoma maneno hayo mwenyewe, herufi moja moja.

Na aliyenifundisha herufi ni nani? Ni yeye. Mimi skuli niliisikia tu, nilikuwa nachunga kunguru shambani wasile mbegu. Nikiwa tayari na wajukuu ndipo nilipoingia gumbaru, darasa la watu wazima, Mwalimu akiwa mbele na chaki. Alinishika kiganja akakiongoza kama cha mtoto. Niliposoma neno langu la kwanza alilia, akageukia ubaoni ili tusimwone. Kwa hiyo hizi herufi ninazomwandikia ni zake. Nazirudisha kwake zikiwa zimenolewa.

Mjukuu wangu anaitwa Mwanasiti. Ni mtoto wa binti yangu Halima, anayefanya kazi hotelini Diani na huja siku zake za mapumziko. Wakati ule Mwanasiti alikuwa na miaka saba. Miguu yake haina nguvu, na ulimi wake ni mzito, neno moja humtoka kwa kazi. Lakini akili yake ni wembe. Kuku wangu wote amewapa majina, na ukichinja mmoja bila kumwambia atakutazama wiki nzima kama hakimu. Kiti chake cha magurudumu tulikipata kwa shida, na kukisukuma kwenye mchanga wa kichochoro chetu ni kazi ya ng'ombe. Mimi ndiye ng'ombe.

Basi uwanja ulipofunguliwa nikamvisha, nikasukuma, tukafika jasho linanitoka mpaka kwenye nyusi. Mwanasiti akaiona ile pembea, akanyoosha kidole. Nikamkaribisha. Nikakuta mnyororo umezungushwa kwenye jukwaa, na kufuli kubwa kama la ghala.

Nikamwendea Mwalimu, aliyekuwa amekaa langoni akipanga viatu vya watoto, kila jozi imeelekea kibla.

"Shikamoo yako nimeshaipokea kwa mbali," akaniambia kabla sijafungua kinywa, maana ananizidi miaka kidogo na hakosi kuikumbusha.

"Marahaba nayo," nikamjibu. "Nifungulie ile pembea."

"Ile si ya kuchezea, Mama Halima."

"Ni ya nini, ya kuanikia nguo?"

"Ni kifaa. Kikiharibika, nani atatuletea kingine? Kinangoja wageni."

"Na huyu niliyemleta ni nani?"

"Huyu ni wetu," akasema, na akatabasamu, kwa upole kabisa. Akampa Mwanasiti kipande cha muhogo wa kuchoma. Mimi nikabaki nimesimama, maana mtu akikunyima kwa upole hujui uanze kumpigia wapi.

Nilijua ugonjwa ule umetoka wapi. Umetoka kabatini mwake. Nyumba ya Mwalimu ina kabati la vioo, na ndani mna glasi za maua ya dhahabu, birika la kauri, sahani zenye jogoo, na karatasi za dukani bado zimebandikwa chini. Mimi nimeingia nyumba ile tangu nina meno yote, na chai nimenywea kikombe cha plastiki. Makochi yake yamevikwa nailoni. Ukiinuka, paja linabaki nyuma. Ukimuuliza, anasema vya kabatini ni vya wageni. Wageni gani? Hakuna ajuaye. Mumewe alikufa hajawahi kunywea glasi ile. Sisemi kwamba sisi wengine tumepona. Mwanamke wa pwani asiye na sahani za kabatini bado hajaolewa. Nami ninazo sita. Lakini sahani haina mtoto anayeisubiri.

Kila Jumamosi nilimsukuma Mwanasiti mpaka pale. Wenzake wanapanda pembea zao, wanapiga kelele, na yeye anaegeshwa kando ya mnyororo, kwa sababu ndipo alipotaka kukaa. Anaushika, anahesabu vipingili vyake. Na kila Jumamosi ananiuliza, neno kwa neno, "Bibi. Leo. Wageni?"

"Leo hapana, mama."



Sasa msidhani namwonea. Mwanamke huyuhuyu ndiye aliyetutetea siku moja. Alikuja mama kijana kutoka upande wa Ukunda, mgeni wa bara, na mtoto wake akamkimbilia Mwanasiti amshike mkono. Yule mama akamvuta, "We! Usimtouch, utashika hiyo kitu!" Mwalimu aliinuka. Firimbi ililia mpaka kunguru wakaruka. Akamwendea taratibu, akamwambia, "Mama, hapa mgonjwa ni mmoja tu, na ni wewe. Toka, ukapone, kisha urudi." Akamtoa langoni, na mtoto wa yule mama akambakisha ndani acheze mpaka wakati wa kufunga. Siku ile ningempa figo yangu. Halafu nikageuka, nikaona mnyororo uko palepale. Mtu mmoja, mkono mmoja unakufuta machozi, mwingine una ufunguo mfukoni.

Wageni wakaja.

Mwalimu alinitumia mtu asubuhi: mvishe Mwanasiti nguo ya sikukuu, mfike mapema. Nikamvisha gauni la njano. Nikampaka hina vidoleni, nikamfunga riboni. Mtoto hakula kwa furaha. Tukafika, tukakuta magari, watu wa kamera, na Mwalimu katika buibui jipya. Mnyororo haupo. Chuma kimepigwa msasa, kinang'aa. Wakamwingiza Mwanasiti na kiti chake, wakamkaza, mgeni mmoja akasukuma.

Nimeishi miaka mingi. Nimeona watoto wangu wakizaliwa. Sijaona uso kama ule. Alicheka kwa mwili mzima, mpaka vidole vya miguu ambavyo haviwezi kitu vilicheka. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Mara tatu. Kamera zikalia. Kisha wageni wakaitwa kwenye madafu na sambusa, na kijana aliyeagizwa na Mwalimu akamshusha. Mwanasiti aling'ang'ania ukingo wa jukwaa. Vidole vyake vina nguvu kuliko mtu anavyodhani. Ilibidi vibanduliwe kimoja kimoja, na hina ya asubuhi ikachubuka kwenye chuma.

Nikamfuata Mwalimu. "Mrudishe juu."

"Mama Halima, utaratibu. Wageni wanakula."

Nikangoja. Wageni wakala, wakapanda magari, vumbi likatulia. Nikamwambia tena. Akatazama lile jukwaa kwa namna anayolitazama kabati lake, akazungusha mnyororo, akafunga kufuli, ta!

"Wageni wameondoka," akasema.

Mwanasiti hakulia pale. Alilia kichochoroni, tulipokuwa peke yetu, na mimi nikasukuma kiti kwenye mchanga nikiapa kwa kila hatua. Watu husema kisasi ni cha Mungu. Ni kweli, ni cha Mungu. Lakini Mungu huwatuma watu, na siku ile nilijitolea.

Mimi kazi yangu, niwaambie, ni jiko la shughuli. Harusi yoyote ya hapa, maulidi, arubaini, nikiitwa ndipo sufuria kubwa zinapotoka. Na shughuli kwetu haipikwi na aliye nayo. Hupikwa na majirani. Asubuhi ya siku yenyewe kila mwanamke huja na kisu chake, upawa wake, na mbuzi yake ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Hukaa mduara, nazi zikakunwa, umbea ukakunwa. Hakuna nyumba yenye mbuzi ishirini. Nyumba ina moja. Kwa hiyo mwenye shughuli, hata awe na gunia za nazi mpaka darini, bila wanawake ana kokoto tu.

Mwalimu alikuwa anamwozesha kijana wake wa mwisho.

Wanawake wakanijia kama kawaida. "Bi, Alhamisi tunakuna saa ngapi?"

Nikawaambia, "Nyinyi sijui. Mimi mbuzi yangu nimeifungia mnyororo. Inangoja wageni."

Sikusema zaidi. Hakukuwa na haja. Kila mmoja wao alikuwapo siku ya kamera, na wanne wao wana watoto wa viti kama Mwanasiti, walioishia kutazama. Yule wa kwanza akacheka, wa pili akacheka, wa tatu akafunga mdomo na kanga akaenda kuwaambia wa nne.

Alhamisi asubuhi nilikaa barazani kwangu, panapoonekana ua wa Mwalimu. Nazi zimerundikwa kama kaburi. Mchele umechambuliwa. Mwalimu kasimama katikati, firimbi shingoni. Akangoja. Jua likapanda. Alikuja dada yake kutoka Kinondo na mbuzi moja, akakuna nazi tano, mkono ukamlegea. Ndipo nikasikia firimbi. Aliipuliza mara tatu, kuelekea njia zote. Hakuna aliyepanga mstari.

Ikabidi watu wakimbilie Ukunda, dukani, wakarudi na tui la paketi.

Nyinyi wa mbali mtasema, tui ni tui. Basi hamjui aibu. Harusi ya Msambweni, minazi imesimama juu ya vichwa vya watu, na wali umepikwa kwa tui la paketi! Nami nilikwenda. Mwaliko ni mwaliko. Nilimvisha Mwanasiti gauni la njano, tukakaa mbele. Nikala sahani mbili, na zote mbili nikazisema.

"Wali huu una nini?" akaniuliza jirani kwa sauti.

"Una utaratibu," nikamjibu.

Bibi harusi nilimwona anafuta macho. Nilimhurumia, lakini si sana. Alikuwa na siku nyingi za kufurahi mbele yake, na miguu ya kuziendea.

Haikupita wiki, mzee wa mtaa akaita kikao. Wanawake tukaketi upande mmoja, Mwalimu peke yake upande wa pili. Mzee akaanza mambo ya ujirani mwema na sijui nini. Mwalimu akamkatiza. Akatoa ufunguo wa kufuli na ufunguo wa lango, akaziweka mkekani, akazisukuma kwa kidole kimoja mpaka mbele yangu. Akasema, "Itaharibika." Akainuka, akavaa viatu, akaenda zake. Tangu siku hiyo uwanja ukawa wa kina mama, na siku za Jumamosi na Jumapili kufungua ni zamu yangu. Ule mnyororo nilimpa mvuvi mmoja akafungie nanga yake, ukae chini ya maji.

Na kweli iliharibika. Vijana wakubwa walijazana saba juu ya jukwaa, egemeo moja likapinda. Tukaita fundi wa kuchomelea, tukatengeneza. Ikaanza kulia, kwii, kwii. Jumamosi moja nikafika mapema nikakuta hailii. Imetiwa grisi kila kiungo, na kitambaa kilichotumika kimekunjwa pembe nne, kikawekwa juu ya ukuta. Hapa kwetu anayekunja kitambaa kichafu pembe nne ni mmoja. Asante sikumpelekea. Grisi haikumfikia Mwanasiti zile Jumamosi zilizopita.

Miaka miwili hatukusemezana. Salamu ya dini tulipeana, maana kuikataa ni dhambi, lakini tuliipeana kama watu wanaorushiana kaa la moto.

Halafu mwaka huu Mwalimu akapata safari ya Maka. Kijana wake, yuleyule wa harusi ya paketi, anampeleka kuhiji. Na mtu akienda kuhiji huku nyuma kuna moyo unaomdai, hija yake ina walakini. Hivyo ndivyo tunavyojua sisi. Lazima azunguke nyumba kwa nyumba akitaka radhi. Nilisikia ameanza mtaa wa juu. Nilisikia ameshafika kwa muuza samaki. Nikahesabu milango, nikaona kwangu amepaacha mwisho.

Alinikuta uwanjani, Jumamosi, mapema, kabla watoto hawajajaa. Mwanasiti alikuwa juu ya jukwaa, ameshakazwa, anangoja nimsukume. Mwalimu alikuwa amekonda. Firimbi haikuwapo shingoni. Akasimama mbele yangu akasema maneno yote kama yanavyosemwa: kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, kwa ulimi au kwa mkono, nakuomba radhi kwa ajili ya Mungu.

"Kwa kujua," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Kwa kujua."

"Basi umekosea mlango. Mwenyewe yule pale."

Akamwangalia mtoto. Nilimwona anapima. Mwanamke aliyefundisha mji mzima kusimama na kukaa, kumwomba radhi mtoto wa miaka tisa. Lakini Maka ni Maka. Akaenda. Akachuchumaa, magoti yakamlia, mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Mwanasiti, mamangu. Mimi nilikushusha hapa siku ile. Nilifanya vibaya. Unanisamehe?"

Mwanasiti akamtazama, ule utazamaji wake wa siku nikichinja kuku bila kumwambia. Akakusanya neno, likapanda, likafika.

"Sukuma."

Mwalimu akainuka, akasukuma. Kidogo mwanzo, kwa woga, kisha kwa nguvu. Mtoto akacheka. Jukwaa likaenda, likarudi. Baada ya kitambo akalishika, akauliza, "Umenisamehe?"

"Tena."

Akasukuma. Watoto wengine wakaanza kuingia, wakasimama kutazama. Jua likapanda juu ya paa la makuti. Buibui la Mwalimu likashikana na mgongo. Akauliza tena. "Tena." Akauliza mara nyingine, sauti imeanza kukatika. "Tena." Mimi nilikuwa kitini, kivulini, mikono mapajani. Mama mmoja akaninong'oneza, "Bi, mwambie mtoto inatosha, huyu ni mtu mzima." Nikamwambia, "Mtoto ana ulimi wake."

Mwishowe Mwanasiti mwenyewe alichoka. Akaegemeza kichwa, akafumba macho, akasema, "Haya."

Mwalimu akaja kwangu akitembea kama anayetoka shamba. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, au si jasho. Akasimama akahema, akaniambia, "Na wewe, Mama Halima?"

"Ndege yako ni lini?"

"Jumanne."

Nikamtazama vizuri, tangu viatu mpaka utaji.

"Leo Jumamosi," nikamwambia. "Kesho tunafungua saa tatu. Wapo watoto wengine wanne. Njoo mapema."